Nambari Arobaini na Moja

Februari 9

Daftari hili nimelinunua stesheni, kwenye kibanda cha magazeti cha jukwaa la tatu, kwa kuwa Mama amechoka kunisikiliza. "Andika," kasema. "Karatasi haipiki, haifui, ina muda." Haya basi. Naitwa Ketaki Phegade, nina miaka ishirini na miwili, nina digrii ya biashara, na nina miezi saba ya kazi katika ofisi ya mhasibu Bwana Kankaria hapa Bhusawal. Katika miezi hiyo saba nimetoa nakala za karatasi za watu hadi mashine inanijua kwa jina.

Nataka kazi ya fedha yenyewe. Sitaki kukagua zilizokwisha tumika. Nataka kuwa miongoni mwa wanaokaa na kuamua kiwanda gani kikopeshwe na kwa masharti gani. Mlango huo haufunguliwi na digrii yangu, unafunguliwa na chuo kizuri cha biashara. Vyuo viwili vimeniita kwenye usaili, kimoja cha Mumbai na kimoja cha Pune. Majina yake siyaandiki. Nikikosa, daftari lisije likanicheka.

Kwenye fomu zote mbili, Novemba iliyopita, palikuwa na kisanduku cha miezi ya uzoefu wa kazi. Niliandika 5. Tarakimu ile ilionekana ndogo mle ndani.

Februari 11

Baba anauza tiketi za treni, dirisha nambari sita, mwaka wa thelathini na moja huu. Jana aliitangazia foleni nzima kwamba nimepata tisini na nne kwa mia kwenye mtihani wa kuingia vyuo vya biashara. Nikamweleza jioni kuwa si alama; maana yake nimewapita watu tisini na nne katika kila mia.

Akatafuna kidogo. "Kumbe ni bora zaidi," akasema. Leo ametangaza upya.

Februari 18

Mumbai. Jopo la watu watatu, chumba cha baridi kali. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yule mwanamke mwenye miwani ya fremu nyekundu aliponiuliza baba yangu anafanya kazi gani.

"Yuko serikalini," nikasema.

"Serikalini wapi?"

"Reli."

"Reli ni kubwa, binti. Anaendesha, anapeperusha bendera, au anafanya nini?"

Nikasema anakata tiketi. Nikasema kwa sauti ya chini, na Mungu anisamehe, nikatazama viatu vyangu. Yule mama akafurahi kabisa, akasogeza kiti. "Vizuri! Behewa la kulala lina vitanda sabini na viwili. Baba yako anamuuzia tiketi mtu wa sabini na tatu, wa themanini, wa mia, anamweka kwenye orodha ya kusubiri. Kwa nini anauza kitu asichokuwa nacho? Hatari iko wapi, na nani anaibeba?"

Nikamjibu, "Ni utaratibu wa serikali."

Wote watatu wakatabasamu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Miaka ishirini na miwili nimekula wali wa mtu huyu, wala sijawahi kumuuliza kazi yake inakwendaje.

Februari 19

Sijisikii kuandika.

Februari 26

Usaili wa Pune. Waliniuliza napenda nini nje ya masomo, nikajibu kuogelea. Bhusawal, ambako maji ya bomba huja kwa siku zake! Wakaandika.

Machi 8

Joto limeanza. Ofisini mwisho wa mwaka wa hesabu umetukaba koo. Nilimwomba Bwana Kankaria anipe faili moja ya mkopo niishughulikie mwenyewe. Hakuinua uso. "Ndizi mbichi haiuzwi Delhi," akasema. "Wewe bado mbichi. Toa nakala."

Huu ni mji wa ndizi, kwa hiyo kila mtu asiye na uzoefu huitwa mbichi, na kila mwenye kulitumia jina hilo hudhani amelibuni yeye. Mzee mchoyo huyu. Maneno yake anayatoa kama anayanunua.

Machi 24

Majibu! Pune wamenichukua. Mumbai wameniweka kwenye orodha ya kusubiri, nambari 41.

Nilikuwa nimeshaanza kulia kwa ajili ya Mumbai Baba alipoingia na sare yake. Nikamwonyesha simu. Akaisoma kwa mbali, akaisoma kwa karibu, halafu uso wote ukamwangaza.

"Arobaini na moja? Mwezi Machi? Safari yenyewe Julai? Mwanangu, hiyo inathibitika, kiti unapata!"

"Baba, hiki ni chuo, si treni ya Gorakhpur."

"Orodha ni orodha."

Kabla sijasimama alikuwa ameshatoka. Amerudi na kilo tatu za pedha, maziwa mazito na sukari, za duka la mbele ya stesheni, akapita nyumba kwa nyumba kwenye makazi yote ya wafanyakazi wa reli akiwalisha watu kwa mkono wake: binti yangu anakwenda Mumbai. Nyumba ishirini na mbili, Mama kahesabu. Nimejifungia chumbani. Natamani ardhi ipasuke.

Machi 25

Bi Mangala, jirani wa ukuta mmoja, amenikuta bombani. "Ketaki, pedha tamu kweli. Sasa hebu nifahamishe mimi mshamba: mtu wa nambari arobaini na moja hukaa kitini au husimama mlangoni?"

"Hukaa, shangazi."

"Haya. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini haya."

Aprili 2

Pune wanataka rupia hamsini elfu kufikia tarehe 15 ili wanishikie nafasi, na hazirudi. Mama anasema zilipwe kesho. "Bora kenda shika kuliko kumi nenda uje," kasema mara nne, ya mwisho akimwambia Baba huku akimwekea biringanya ya kuchoma kwa kishindo. Mimi niko upande wa Mama. Baba anakula.

Aprili 6

Leo nimemuuliza. Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu barazani, na lile swali la miwani nyekundu limenikaa rohoni tangu Februari. Baba, kwa nini unamuuzia mtu wa sabini na tatu?

Akaacha kisu. Nadhani hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumuuliza.

"Kwa sababu sabini na wawili hawasafiri wote," akasema. "Mmoja harusi itasogezwa. Mmoja bosi atamnyima ruhusa. Mmoja kakata tiketi mbili za treni mbili, mwerevu huyo, moja atairudisha dakika za mwisho. Treni ya sikukuu, orodha haisogei. Kila mtu anakwenda kwao. Treni ya Jumanne ya Agosti, hata wa hamsini analala kitandani. Ukimfukuza wa sabini na tatu, kitanda kinakwenda kitupu, na reli imekula hasara. Ukiuza kupita kiasi, watu wanalala chooni. Kazi ni kujua kiasi."

"Na kiasi unakijuaje?"

"Unaangalia nani anakata, anakwenda wapi, siku gani. Mashine siku hizi inapanga idadi. Lakini mtu akinisogelea dirishani, mimi najua kabla ya mashine."

Nilibaki na kitunguu mkononi. Benki haina pesa za watu wote siku moja, inaishi kwa kujua wangapi hawatakuja. Nimelipia darasa la mwaka mzima la jambo hili, nalo lilikuwa likirudi nyumbani kila jioni na sare yake ya jasho.

Nikamsimulia nilivyojibu Mumbai. Yote, pamoja na viatu. Alicheka mpaka akakohoa. "Utaratibu wa serikali! Si uongo lakini."

Hakukasirika. Heri angekasirika.

Aprili 9

Baba hayupo. Katumia pasi moja ya mwaka ya wafanyakazi, ile ya kusafiri bure, kapanda treni ya Pune jana jioni, wala hakuaga vizuri. Mama anasema kaenda kulipa. Kama kalipa, basi mambo yameisha, na sijui mbona sifurahi.

Aprili 10

Baba amerudi, na hajalipa! Kasimama kwenye geti la chuo siku nzima, kwenye jua, na sare yake, na bunda la fomu za kukatia tiketi, akiwazuia wanafunzi wa mwaka wa mwisho mmoja mmoja.

"Uliwaambia nini?" nikauliza.

"Ninachowauliza watu siku zote. Jina, umri, unatoka wapi, unakwenda wapi."

"Baba!"

"Kwenye 'unatoka wapi' niliandika miezi yao ya kazi kabla ya kuingia. Kwenye 'unakwenda wapi' nikaandika kazi waliyopata. Mlinzi alitaka kunifukuza. Nikamuuliza kwao wapi, akasema Akola, nikamwambia treni yake ya sikukuu isiyojaa ni ipi. Akaniletea kiti."

Nikaona aibu iliyonifika kwenye nywele. Nikawaza wale vijana na suti zao za kuazima wakimsimulia mzee wa reli aliyewashika getini, halafu mimi niingie Julai niwe binti yake. Nikasema maneno ambayo siyaandiki. Baba akaziweka fomu mezani, akaenda kuoga.

Baadaye nikazichukua ili nizitupe. Nikaanza kuzisoma.

Watu thelathini na mmoja, kwa mwandiko wake ule wa herufi zilizosimama wima. Kumi na tisa kati yao waliingia wakiwa kama mimi, chini ya mwaka mmoja wa kazi. Kumi na mmoja wa hao sasa wanauza: bima, kadi za mkopo, mikopo ya pikipiki, mlango kwa mlango. Watano bado hawajapata. Watatu tu wamepata kazi ya fedha ninayoitaka mimi, na pembeni Baba kaandika, "wawili walikuwa na mitihani ya uhasibu tayari." Wale waliokuja na miaka miwili mitatu ya kazi, karibu wote wamepata.

Kijitabu cha chuo kina ukurasa mzima wa wastani wa mishahara, na tabasamu. Nimekisoma mara thelathini. Hakuna mahali kinaposema mambo haya. Mtu aliyeishia darasa la kumi na mbili amekwenda na bunda la fomu akayapata kwa siku moja.

Nimemwomba radhi akiwa anajikausha masikio. Alijifanya hasikii, mpaka nikalazimika kusema tena kwa sauti kubwa na Bi Mangala akasikia kupitia ukutani. Najua alifanya makusudi.

Aprili 12

Nimewapigia simu waliosoma Mumbai, sita, kwa maswali yale yale ya dirishani. Darasa lao lina watu sitini, arobaini wakiwa wabichi kabisa, na watoa ajira wanajua hivyo wanapokuja. Watano kati ya sita wako kwenye fedha. Hakuna chuo kibaya hapa, nimeelewa. Pune ni treni nzuri sana kwa mtu aliyekwisha fanya kazi.

Aprili 15

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Pune, na nimeiacha ipite.

Asubuhi Mama alikuwa na hundi mkononi. Nikamwambia Baba nina swali, na ajibu kama anavyomjibu mtu baki. "Kweli arobaini na moja inathibitika?"

Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Kwa treni ningekujibu. Kwa chuo, sijui, mwanangu."

"Hujui! Na pedha za nyumba ishirini na mbili?"

"Ile ilikuwa furaha. Furaha haina hesabu."

Mama akapiga paji la uso. "Mnasikia wenyewe? Mtoto ana tiketi ya uhakika mkononi na baba yake anacheza!"

Baba akamgeukia, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Nadhani ni ile ya dirishani. "Mama Ketaki, kila siku mtu ananijia na haraka zake: nipe kiti, kiti chochote, treni yoyote. Siuzi. Kwanza namuuliza anakwenda wapi. Nimeshawaona watu wamekaa kitini vizuri kabisa, na dirisha, wanakwenda wasikotaka kwenda. Muulize anakwenda wapi, kisha mpe hundi kama hiyo ndiyo njia yake."

Wote wawili wakanitazama. Ndipo nilipogundua kwamba tangu Novemba nilikuwa nauliza ni chuo gani kitanipokea. Swali lile jingine sikuwahi kulimaliza hata mara moja.

Nikasema najua niendako, na Pune haifiki kwa mtu wa miezi mitano. Nikikosa Mumbai nitabaki kwa Kankaria mwaka mmoja. Mama aliirudisha hundi kwenye kabati, akalifunga kwa ufunguo, hakusema nasi mpaka chakula cha jioni, na chakula chenyewe kilikuwa khichdi, wali na dengu, isiyo na chumvi. Tuliila yote.

Naogopa sana. Lakini nimemtazama Baba akinyoosha sare yake ya kesho na nikaona fahari inanijaa kifuani. Niliona haya juu ya mtu huyu mbele ya watu watatu nisiowajua.

Aprili 16

Chumvi imerudi.

Aprili 30

Orodha ya Mumbai: 33.

Mei 7

Nyuzi arobaini na sita. 29. Kunguru wanakunywa kwenye ndoo ya Mama na Mama hawafukuzi. Nilimweleza Bwana Kankaria kuwa Pune nimeiacha, na sababu zake, na zile fomu. Akaomba aone fomu. Alizisoma zote thelathini na moja, chai ikapoa. Kisha akafungua kabati lake na kunitupia faili: mkulima wa Raver anayetaka mkopo wa benki ajenge vyumba vya kuivishia ndizi. "Andaa hesabu ya miaka mitano. Mwenyewe. Ukikosea sitakusaidia, nitakucheka."

Mei 20

17! Baba alisema nambari zitaporomoka wiki hii, kwa kuwa vyuo vikubwa vinadai ada na "wenye tiketi mbili wanarudisha moja." Zimeporomoka wiki ile ile aliyoitaja.

Hesabu ya Raver imerudi mara tatu na wino mwekundu. Bwana Kankaria hachoki. Nilimwita mchoyo, kumbe alikuwa ananingoja nijue ninachokitaka.

Juni 4

Upepo wa kabla ya mvua jana umelaza mashamba ya Raver, migomba maelfu, chini kabisa. Mkulima wetu amepoteza nusu. Hesabu yangu nzuri ya miaka mitano imekuwa karatasi tu. Nilimpelekea Bwana Kankaria nikiwa karibu kulia.

"Vizuri," akasema. "Sasa fedha ndiyo inaanza. Nani anabeba hasara hii, na benki ingoje miezi mingapi? Kaa hapa."

Tumekaa mpaka saa moja jioni. Sijawahi kufurahia kazi namna ile, na naona haya kuandika hivyo na ndizi za watu zimelala.

Juni 11

Mvua. Hatimaye. Watoto wote wa makazi wako nje uchi. 6.

Juni 13

Benki imekubali mpango mpya wa Raver. Nilieleza mimi, Bwana Kankaria kimya kando yangu. 4.

Juni 16

2.

Juni 18

1. Nyumbani hakuna anayelitaja. Mama anafagia palipokwisha fagiliwa.

Juni 20

Saa sita na dakika kumi mchana, barua imeingia kwenye simu. Nafasi zimejaa, orodha imefungwa, wananishukuru, wananitakia heri. Aliyekuwa mbele yangu ameingia. Mimi nilikuwa nafuata.

Nilimtumia Baba neno moja, "Imefungwa," nikaomba ruhusa, nikaja nyumbani. Nusu saa baadaye akatokea yeye, katikati ya zamu, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata nilipozaliwa. Alikuwa amelowa chapachapa. Akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Ketu," akasema, "pale kwetu orodha ikifungwa, mtu akaja dirishani analia, simwambii pole. Pole haina kitanda. Namtajia treni inayofuata, saa yake na jukwaa lake."

"Basi nitajie, Baba."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Miaka thelathini na mmoja amewaambia maelfu ya watu, na kwangu mimi akashindwa. Akainamisha kichwa, maji ya mvua yakawa yanamdondoka puani, na nikajua si ya mvua yote.

Nikakaa naye kizingitini. Machozi yangu yalikuwepo, lakini yalingoja zamu.

"Novemba hii, Baba," nikasema. "Mumbai ile ile. Kwenye kisanduku nitaandika kumi na saba. Na kama hawanitaki, mwaka unaofuata itakuwa ishirini na tisa, na hapo hata Pune inafika."

Alivua viatu, akamwaga maji yaliyokuwamo. Kisha akajifuta uso kwa kofia na kuuliza, "Na ya karibu zaidi?"

"Kesho, saa nne asubuhi. Kwa Kankaria. Kuna mtu wa pamba kutoka Jamner anataka mkopo."

Mama alikuwa mlangoni nyuma yetu na taulo mbili, sijui tangu lini.

Juni 21

Mvua usiku kucha, barabara ya soko imejaa maji. Saa nne kasorobo nilikuwa ofisini, viatu mkononi. Mtu wa pamba alikuwa ameshafika, na Bwana Kankaria alikuwa amemwambia amngoje binti wa Phegade.